Mgonjwa Haulizwi Uji? Tiba Shufaa, Wosia na Kauli ya Anayeondoka



Ipo methali ambayo kila mwanafunzi wa Kiswahili hukutana nayo mapema: "Mgonjwa haulizwi uji." Maana yake ya kawaida ni njema. Mtu akiwa amelala kitandani, usimwendee mikono mitupu na kumhoji iwapo anahitaji uji, upike, umpelekee. Methali hii husifu ukarimu usiosubiri kuombwa, na ndiyo maana tunaitumia hata pale pasipo na mgonjwa wala uji.

Hata hivyo, methali hukaa vinywani mwa watu, nao huinyoosha wapendavyo. Katika nyumba nyingi methali hii imepanuka ikapita mipaka ya uji. Mgonjwa haelezwi jina la ugonjwa wake. Haulizwi kama anataka kurudishwa hospitalini au kubaki nyumbani. Haulizwi nani atawalea wanawe, shamba lake ligawanywe vipi, wala yeye mwenyewe azikwe wapi. Jamaa huketi uani wakaamua kwa sauti ya chini, ilhali mwenye mwili amelala chumbani akisikia minong'ono. Wote wanampenda, lakini hakuna hata mmoja aliyemuuliza.

Makala haya yanasimulia historia ya watu walioamua kumuuliza. Historia hiyo inapita London, Nairobi na Kampala, kisha inafika kwetu huku chini ya Milima ya Rwenzori. Hoja yangu ni moja, nami naomba uibebe hadi mwisho: kutuliza maumivu ya mgonjwa na kuandika wosia ni matawi mawili ya mti mmoja. La kwanza humrudishia mgonjwa kauli yake. La pili huihifadhi kauli hiyo isipotee.

Tuyaweke sawa maneno

Kwa kuwa wengi wenu mnajifunza lugha, tuanze na istilahi.

Tiba shufaa ni istilahi inayotumika sana nchini Tanzania, nayo inazidi kuenea kwingineko. Ni matunzo apewayo mtu mwenye ugonjwa unaotishia uhai wake, hasa ule usioponyeka: kupunguziwa maumivu, kufarijiwa, na familia yake kusaidiwa kuubeba mzigo. Neno shufaa asili yake ni Kiarabu, na katika lugha ya dini lina maana ya kumwombea mtu au kusimama upande wake mbele ya mwenye mamlaka. Tazama jinsi neno hili lilivyofaa. Muuguzi wa tiba shufaa hana uwezo wa kuifuta hukumu, lakini husimama upande wa mgonjwa hadi dakika ya mwisho.

Hospisi ni neno la kukopa. Mzizi wake ni wa Kilatini, wenye maana ya ukarimu na mapokezi ya wageni. Zamani za kale huko Ulaya, majumba ya jina hili yaliwapokea wasafiri waliochoka. Leo hospisi ni huduma ya tiba shufaa, na wala si lazima iwe jengo. Nchini Uganda hospisi aghalabu huja kwa gari hadi mlangoni pa mgonjwa.

Wosia, au usia, nalo ni neno lililotoka katika Kiarabu, na katika Kiswahili lina maana mbili zinazoshikana mikono. Kwanza, ni nasaha anayoacha mtu mzima kwa walio nyuma yake. Pili, ni hati ya kisheria inayoeleza mali igawanywe vipi baada ya mwenye mali kufariki. Mirathi ni mali yenyewe. Kwa hiyo wosia ni kauli, na mirathi ni vitu. Ukiyachanganya haya mawili utadhani kwamba maskini hana haja ya wosia kwa sababu hana vitu. Nalo ni kosa, kama tutakavyoona.

Dirisha lililotokana na wosia

Historia ya hospisi za kisasa huanzia kwa mwanamke mmoja wa Uingereza, Cicely Saunders, aliyezaliwa mwaka 1918 na kufariki mwaka 2005. Kwanza alikuwa muuguzi, kisha mhudumu wa ustawi wa jamii hospitalini, na hatimaye, alipoona kwamba madaktari hawakuwa wakiwasikiliza watu wa kada nyingine, akasomea udaktari.

Mnamo mwaka 1948, kabla hajawa daktari, alimhudumia mkimbizi mmoja wa Kiyahudi kutoka Poland, David Tasma, aliyekuwa akifa kwa saratani katika hospitali ya London. Tasma hakuwa na jamaa karibu. Wawili hao walizungumza mara nyingi juu ya mahali ambapo mtu kama yeye angeweza kufia kwa utulivu, maumivu yake yakiwa yametulizwa na maneno yake yakiwa yamesikilizwa. Alipofariki, ikaonekana kwamba alikuwa amemwachia Saunders pauni 500 katika wosia wake, akisema zingekuwa dirisha katika nyumba ambayo angeijenga siku moja.

Ilimchukua Saunders miaka 19 kulizungushia dirisha hilo nyumba. Mwaka 1967 ilifunguliwa hospisi ya St Christopher's, kusini mwa London. Zingatia jambo hili, msomaji: hospisi ya kwanza ya kisasa ilichipuka kutokana na wosia wa mgonjwa ambaye mtu mmoja alikubali kuketi naye na kumsikiliza.

Saunders alifundisha mambo mawili makuu. La kwanza ni kwamba dawa ya maumivu makali itolewe kwa saa maalumu, kabla maumivu hayajarudi, badala ya kumwacha mgonjwa alie ndipo apewe. La pili ni kwamba maumivu ya anayekufa hayamo mwilini tu. Yamo pia akilini mwake, katika uhusiano wake na watu, na katika roho yake. Mtu anaweza kuumwa na uvimbe, na papo hapo akaumwa na deni asilolilipa au ndugu asiyesemezana naye.

Wazo hilo lilifika Afrika mapema kuliko wengi wanavyodhani. Zimbabwe ilianzisha Island Hospice mjini Harare mwaka 1979. Katika Afrika Mashariki, Nairobi Hospice ilianza mwaka 1990. Daktari wa kwanza kuiongoza kitabibu ndiye anayetuleta Uganda.

Mwaka 1993: fedha za miezi mitatu

Jina lake ni Anne Merriman. Alizaliwa Liverpool mwaka 1935, akafanya kazi Nigeria, na baadaye Singapore katika miaka ya 1980. Huko Singapore alishirikiana na wafamasia kutengeneza mofini ya kunywa kwa njia rahisi sana: unga wa mofini, maji safi, na kitu cha kuizuia isiharibike. Dawa hiyo ilikuwa ya bei nafuu, na haikuhitaji sindano wala kitanda cha hospitali. Mgonjwa aliweza kuinywa nyumbani, akipimiwa na mkewe au mwanawe.

Baada ya Nairobi, Merriman alitafuta nchi ambayo ingekubali kuwa mfano kwa Afrika nzima. Aliichagua Uganda, na sharti lake kubwa lilikuwa kwamba serikali iruhusu unga wa mofini uingizwe nchini. Serikali ikakubali. Mwaka 1993 Hospice Africa Uganda ilianza kazi jijini Kampala, ikipewa mahali pa kuanzia katika Hospitali ya Nsambya. Merriman alikuja na muuguzi kutoka Kenya, Fazal Mbaraka, wakiwa na fedha za kutosha miezi mitatu tu.

Kumbuka Uganda ilikuwa katika hali gani wakati huo. UKIMWI ulikuwa umezimaliza nyumba nyingi. Saratani nyingi ziligunduliwa zikiwa zimechelewa, wakati upasuaji haukuweza tena kusaidia. Mtu aliambiwa, "Rudi nyumbani, hatuna la kufanya." Sentensi hiyo ndiyo ambayo tiba shufaa ilikuja kuipinga. Daima kuna la kufanya, hata pale ambapo hakuna la kuponya.

Upinzani haukukosekana. Baadhi ya watu waliogopa kwamba mofini ingewafanya wagonjwa kuwa watumwa wa dawa za kulevya. Wengine waliamini kwamba ukipewa mofini basi umekwisha kuhukumiwa kifo. Majibu yalitolewa kwa vitendo zaidi kuliko kwa hotuba. Ikipimwa vizuri kwa mtu mwenye maumivu makali, mofini haimuui. Humruhusu alale, ale na azungumze. Tiba shufaa, kwa maana iliyokubaliwa na Shirika la Afya Duniani, haiharakishi kifo wala haikiahirishi. Humsaidia mtu aishi siku zake zilizosalia akiwa mtu.

Ili watu wasichanganye dawa, mofini ya Uganda hutiwa rangi: kijani kwa ile nyepesi, waridi kwa ile kali zaidi, na buluu kwa ile kali kuliko zote. Na kwa kuwa mofini hufunga choo, wauguzi hawakusubiri dawa ghali kutoka ng'ambo. Waliwafundisha watu kukausha na kusaga mbegu za papai. Hivyo elimu ya Singapore ikakutana na papai la uani.

Kisha yakafuata mambo kwa mfululizo. Mwaka 1998 huduma ilifika Mbarara, kwa jina la Mobile Hospice Mbarara, na katika mwaka huohuo ikafika Hoima. Mwaka 1999 kilianzishwa chama cha kitaifa cha tiba shufaa, ambacho baadaye kiliongozwa kwa miaka mingi na Rose Kiwanuka, anayetambuliwa kuwa muuguzi wa kwanza wa tiba shufaa nchini. Mpango wa kitaifa wa afya ulioanza mwaka 2000 uliitaja tiba shufaa kuwa huduma ya lazima, na Uganda ikawa nchi ya kwanza barani Afrika kufanya hivyo. Mwaka 2004 zilitolewa kanuni zilizowaruhusu wauguzi na maafisa tabibu waliopata mafunzo maalumu kuandika mofini. Uganda ikawa miongoni mwa nchi za kwanza duniani kuchukua hatua hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 2010, serikali na Hospice Africa Uganda zilikubaliana kwamba hospisi itengeneze mofini ya kunywa kwa ajili ya nchi nzima, nayo itolewe bure kwa mgonjwa.

Merriman aliishi Uganda hadi uzee wake, akafariki mwaka 2025 akiwa na umri wa miaka 90.

Kanuni za mwaka 2004 zina uzito kuliko zinavyoonekana. Katika nchi ambayo madaktari ni wachache na wengi wao wako mijini, kumruhusu daktari peke yake kuandika mofini ni sawa na kumnyima mofini mtu wa kijijini. Muuguzi aliyeruhusiwa ndiye anayeuvuka mto na kupanda mlima. Hapo utaona jinsi kifungu kimoja cha kanuni kinavyoweza kuamua kama mtu usiyemjua, katika kijiji usichokijua, atalala usiku wa leo au atalia hadi alfajiri.

Maumivu hunyang'anya kauli

Huenda ukauliza: haya yote yanahusiana nini na wosia?

Mtu anayeungua kwa maumivu hana kesho. Hawezi kufikiria karo ya mtoto, mpaka wa shamba, wala ndugu aliyekosana naye. Fikira zake zote zimebanwa na dakika moja ijayo. Ukimwendea wakati huo na karatasi ya wosia, unamwonea. Lakini akilala usiku mmoja, akiamka na kunywa chai, maneno huanza kurudi. Ataulizia ng'ombe aliyekopeshwa. Atasema, "Mwiteni dada yangu." Atataka kujua ana siku ngapi, na akiambiwa ukweli kwa upole, atataka kuzitumia.

Ndiyo maana wahudumu wa tiba shufaa hufundishwa kuuliza. Ni nini kinachokusumbua zaidi leo? Unaelewa nini juu ya ugonjwa wako? Ungependa kujua kiasi gani? Nani azungumze kwa niaba yako ukishindwa kuzungumza? Hapa ndipo methali yetu inapohitaji ufafanuzi. Uji mpelekee bila kumuuliza. Maisha yake muulize.

Kalamu ya Mwana Kupona na vitabu vya kumbukumbu

Mtu asikwambie kwamba kupanga mapema ni desturi ya kigeni. Fasihi ya Kiswahili yenyewe ina ushahidi wa zamani. Mnamo mwaka 1858, katika eneo la Pate na Siyu, pwani ya kaskazini ya Kenya ya leo, Mwana Kupona binti Msham alimtungia binti yake, Mwana Hashima, utendi wa nasaha. Mumewe, Bwana Mataka, kiongozi wa Siyu, alikuwa amekwisha kufariki. Mwana Kupona naye alikuwa mgonjwa, na inasimuliwa kwamba aliishi takriban miaka miwili tu baada ya kuutunga. Katika utendi huo anamwita bintiye aje karibu na wino na karatasi, amwachie maneno ya kumwongoza maishani.

Mafundisho yake kuhusu ndoa tunaweza kuyajadili, na darasani huwa tunayajadili kwa joto kali. Lakini tendo lenyewe halina ubishi. Mama anayeugua, angali na kauli yake, anamwita mtoto na kumwachia maneno. Huo ni wosia usiogawa hata shamba moja.

Karibu miaka 140 baadaye, akina mama wa Uganda walifanya tendo lilelile. Mwaka 1987 Noerine Kaleeba na wenzake walianzisha shirika la TASO la kuwasaidia watu wenye UKIMWI, baada ya mumewe Kaleeba, Christopher, kufariki kwa ugonjwa huo. TASO ilifundisha jambo ambalo wakati huo lilikuwa geni: kwamba mwenye virusi aishi kwa matumaini, na akifa, afe kwa heshima. Mwaka 1992 wanawake wanaoishi na virusi waliunda chama chao, NACWOLA. Kupitia chama hicho, mwishoni mwa miaka ya 1990, akina mama walianza kuandika vitabu vya kumbukumbu.

Kitabu cha kumbukumbu kilikuwa daftari la kawaida. Mama aliandika humo jinsi mtoto alivyozaliwa, jina lake lilitoka wapi, babu na bibi zake ni akina nani, kijiji cha asili kiko wapi, mtoto anapenda chakula gani, na nani aliyekubali kumlea. Aliweza kubandika picha au kuchora ukoo. Wengi waliandika wakidhani watakufa baada ya miezi michache. Baadaye dawa za kupunguza makali ya virusi zilipopatikana, baadhi yao waliishi na kuwaona watoto wao wakiwa watu wazima. Je, madaftari hayo yalipotea bure? La hasha. Ili kuliandika daftari, mama alilazimika kuketi na mtoto na kumwambia ukweli. Mazungumzo hayo yalibaki yakiwa faida yao wote. Mwandishi wa Sweden, Henning Mankell, alikuja Uganda, akayasoma madaftari hayo, na kuandika kitabu juu yake.

Hivyo basi, maskini naye ana wosia. Kama hana ng'ombe, ana jina la babu.

Sheria inasemaje

Sasa tuje kwenye wosia wa mali. Sheria ya Urithi ya Uganda asili yake ni ya mwaka 1906, wakati wa ukoloni. Ilirekebishwa kwa kiasi kikubwa mwaka 2022, baada ya Mahakama ya Katiba kuvibatilisha baadhi ya vifungu vyake mwaka 2007 kwa kuwabagua wanawake.

Kwa sheria ya sasa, mtu mwenye umri wa miaka 18 na mwenye akili timamu anaweza kuandika wosia. Zamani umri ulikuwa miaka 21. Wosia uwe wa maandishi, utiwe sahihi na mwenyewe, na ushuhudiwe na watu wasiopungua wawili. Shahidi asiwe mtu anayeachiwa kitu katika wosia huo. Akiwa hivyo, wosia hausimami kando, bali zawadi yake ndiyo inayoanguka. Mtu anaweza pia kumteua msimamizi wa mirathi na mlezi wa watoto wake wadogo. Anaweza kuubadilisha wosia wakati wowote, maadamu akili yake ni timamu.

Asipoacha wosia, sheria humwandikia wake. Akiwa ameacha mwenzi, watoto na jamaa wanaomtegemea, mwenzi hupata asilimia 20, watoto na wajukuu wa damu asilimia 75, jamaa tegemezi asilimia 4, na mrithi wa kimila asilimia 1. Kabla ya marekebisho, fungu la mjane lilikuwa asilimia 15. Kwa Waislamu, mafundisho ya dini yana mafungu yake mahususi, na wosia haupaswi kuzidi theluthi moja ya mali. Hesabu hizi ni za haki, lakini hesabu haijui kwamba mtoto wa tatu ni mlemavu, wala kwamba shangazi fulani ndiye aliyemuuguza marehemu miaka mitano. Mambo hayo yanajulikana na mwenye mali peke yake, naye hawezi kuyasema akiwa kaburini.

Upo pia wosia wa namna nyingine, unaohusu tiba na si mali. Mwaka 1969 wakili wa Chicago, Luis Kutner, alipendekeza kwamba mtu aandike mapema aina ya tiba anayoitaka au asiyoitaka endapo atashindwa kusema. Mwaka 1976 jimbo la California likawa la kwanza nchini Marekani kuutambua wosia wa aina hiyo kisheria. Huku kwetu, wosia wa Sheria ya Urithi huanza kazi baada ya kifo, kwa hiyo hauwezi kusema lolote juu ya tiba. Lakini mwaka 2009 Wizara ya Afya ya Uganda ilitoa Mkataba wa Wagonjwa, unaotambua haki ya mgonjwa kuelezwa hali yake, kukubali tiba na kuikataa. Mgonjwa anayewaambia jamaa na muuguzi, mbele ya watu, kwamba hataki kusafirishwa tena, anaitumia haki hiyo. Ni vyema maneno yake yaandikwe na kutiwa tarehe.

Huku kwetu Mubuku na Bwera

Tangu shaba ya Kilembe na reli iliyofika Kasese mwaka 1956 zivute wafanyakazi kutoka pande nyingi, wilaya hii imekuwa ya lugha nyingi. Bwera na Mpondwe zinapakana na Kongo. Ukoo mmoja unaweza kuwa na shamba upande huu na kaburi la babu upande ule. Mzee wa namna hiyo akifariki bila kusema neno, matatizo yake huvuka mpaka pamoja na jeneza.

Nawe unayejifunza Kiswahili huenda ukashangaa kwamba mwalimu wa lugha anakusomesha habari za vifo. Sababu ni hii. Mnande kutoka Kongo na Mkonzo wa Bwera wataelewana kwa lugha yao. Lakini muuguzi aliyezaliwa Masaka au Lira na kupangiwa kazi mpakani atamsikilizaje mgonjwa huyo? Mara nyingi daraja lao litakuwa Kiswahili. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kifundishwe shuleni. Watu wengi waliposikia hivyo walifikiria biashara na ajira. Mimi nilifikiria pia kitanda cha mgonjwa. Kusema "unaumwa wapi" kwa Kiswahili ni rahisi. Kusema "ungependa tufanye nini iwapo hali itazidi" kunataka lugha iliyokomaa, yenye adabu na upole. Lugha hiyo hujifunzwa mapema, kama wosia wenyewe unavyoandikwa mapema.

Kikwazo kikubwa si sheria wala lugha. Ni hofu. Nikiwapa wanafunzi insha juu ya wosia, daima wapo wanaoomba mada nyingine. Husema kwamba kuandika wosia ni kujichuria. Kujichuria ni kujiletea nuhusi kwa maneno au matendo yako. Ni neno zuri, na hofu iliyomo ndani yake ni ya kweli, siidharau. Lakini tazama wakulima wa mradi wa umwagiliaji wa Mubuku. Wanapokubaliana mapema juu ya maji ya mfereji, hakuna anayewalaumu kwamba wanauita ukame. Ukame huja kwa wakati wake. Makubaliano huwazuia majirani wasikatane mapanga utakapofika.

Wala sikushauri umwendee babu yako jioni hii na kumuuliza amekuachia nini. Huko kungekuwa kukosa adabu, na angekuwa na haki ya kukufukuza. Anza kwa kumuuliza habari za zamani: shamba lilipatikanaje, jina lako lilitoka kwa nani, babu yake alizikwa wapi na kwa nini huko. Wazee hupenda kuulizwa hayo. Kutoka hapo, yeye mwenyewe atafungua mlango mwingine siku atakapokuwa tayari. Akiufungua, usimkatize kwa kusema, "Usiseme hivyo, babu, utapona." Maneno hayo tunayatoa kwa upendo, lakini humfungia mdomo. Mwambie, "Nakusikiliza, babu." Kisha, akiridhia, waiteni mashahidi wawili wasio warithi. Mwenyekiti wa LC1 anaweza kuwa mmoja wao.

Na akiwa ni mgonjwa mwenye maumivu, maumivu yatangulie kutulizwa. Nendeni katika kituo cha afya au hospitali iliyo karibu mkaulize kwa jina: kuna muuguzi wa tiba shufaa? Kuna mofini ya kunywa? Dawa iliyopiganiwa kwa miaka mingi ili itolewe bure haimsaidii mtu ambaye jamaa zake hawakujua kuiulizia.

Maswali ya kujadili darasani

Kwanza: eleza kwa maneno yako tofauti kati ya wosia na mirathi, ukitoa mfano wa wosia usiohusu mali.

Pili: kwa nini kanuni za mwaka 2004 zilikuwa na umuhimu zaidi kwa mtu wa kijijini kuliko kwa mtu wa Kampala?

Tatu: "Mgonjwa haulizwi uji." Taja jambo moja ambalo mgonjwa hafai kuulizwa, na jambo moja ambalo ni dhuluma kutomuuliza. Andika aya mbili, kisha umsomee mtu mzima nyumbani kwenu aya ya pili. Usiulize maswali, msomee tu, halafu umpe nafasi aseme.